Mwanamichezo Mwenye Yabisi ya Mguu: Aache, Astahimili au Abadili?

Ni machache, miongoni mwa masuala ya siha yanayowatia watu mashaka, yenye majibu yanayogongana kama suala la mtu aliyepatwa na yabisi katika viungo vya wayo, ilhali moyo wake bado uko uwanjani na mapafu yake yana pumzi ya kumtosha. Jamaa zake wa nyumbani humsihi aupumzishe mguu, kwa hoja kwamba kitu kilichokwisha kulika hakirudi kwa kuzidi kutumiwa. Wenzake wa mazoezini humhimiza asiuendekeze, kwa hoja kwamba kiungo kisichonyooshwa hukakamaa. Muuza dawa humpa vidonge vya kutuliza maumivu. Na tabibu, mwenye foleni ndefu ya wagonjwa mlangoni, humwambia "punguza mazoezi", pasipo kumbainishia apunguze lipi, kwa kadiri gani, wala mpaka lini. Kila mmoja wa hao amesema neno lenye sehemu ya haki, na hapo ndipo ulipo ugumu, kwa kuwa rai iliyo batili tupu hukataliwa mara moja, lakini rai iliyo sahihi kwa mgonjwa mmoja na yenye madhara kwa mwingine huenea bila ya kuhojiwa.

Wayo na mzigo wake

Wayo mmoja wa binadamu umeundwa kwa mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, vilivyofungamanishwa kwa kano na misuli hata ukaweza kuwa mwepesi wa kujikunja unapotua chini na mgumu unapousukuma mwili mbele. Mtu akimbiapo, kila kishindo cha unyayo huja na nguvu iliyo mara mbili hadi tatu ya uzito wake, hata ikawa mkimbiaji wa kilo 70 huutwisha mguu mmoja, kwa kitambo kifupi mno, mzigo wa kilo 140 hadi 210, kisha hurudia jambo hilo mara maelfu kabla ya kufika mwisho wa njia yake. Mzigo huo hupokewa na gegedu, yaani ule utando mgumu na mtelezi uliofunika ncha za mifupa, na gegedu ina sifa mbili ambazo ndizo asili ya ikhtilafu yote tuliyoitaja. Sifa ya kwanza ni kwamba haina mishipa ya damu, bali hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia ndani yake na kutoka kila inapobanwa na kuachiliwa, na kwa hiyo kiungo kisichotembezwa ni kiungo kilichonyimwa riziki yake. Sifa ya pili ni kwamba, kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa damu, gegedu ikilika haijiungi kama mfupa uvunjikapo. Mwenye kuitazama sifa ya kwanza peke yake atasema "tembea", na mwenye kuitazama ya pili peke yake atasema "kaa".

Tena gegedu haina mishipa ya fahamu. Maumivu hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika ngozi ya ndani ya kiungo na katika kano zinazokizunguka. Ndiyo maana picha ya eksirei na maumivu ya mgonjwa haviendi sawa kila mara, na mtu aliyeambiwa kwamba mifupa yake "inasagana" huweza kuwa mzima wa kutembea kuliko jirani yake mwenye picha nzuri. Neno hilo la kusagana limewaogopesha wengi wakaketi kitako kabla ya wakati wao, nami naona lingefaa litumiwe kwa hadhari zaidi katika vyumba vya matabibu.

Maradhi haya si nadra. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea ulikuta kwamba yapata mtu mmoja katika kila sita ana yabisi ya wayo yenye maumivu na inayoonekana katika picha. Pahali panapopatwa zaidi ni shina la kidole gumba na viungo vya katikati ya wayo, na juu yake hapo kuna kifundo cha mguu, ambacho kina kisa chake.

Tukitazame kwa karibu kidole gumba. Kila kisigino kinapoinuka ili mwili uende mbele, shina la kidole hicho hupinda kuelekea juu, na mkimbiaji hulipinda zaidi kuliko mtembezi. Yabisi ikiingia hapo, mfupa huota kinundu juu ya kiungo, na kinundu hicho hugota kama kabari kila kidole kinapotaka kupinda. Mwenye kuswali huigundua hali hiyo mapema, anapokaa tahiyatu na kukuta vidole vya mguu wa kulia havikubali tena kukunjwa. Mwili, kwa kutaka kuepuka maumivu, huubiringisha uzito upande wa nje wa wayo, na atakayekigeuza kiatu cha mchezaji kama huyo ataikuta soli imelika ukingo wa nje, ilhali chini ya kidole gumba ingali karibu mpya. Baada ya muda huanza kulalamika vidole vidogo, ambavyo havikuwa na maradhi yoyote ila kubeba mzigo wa mwenzao.

Kifundo cha mguu ni kinyume cha goti na nyonga. Hivyo viwili huzeeka kwa umri, uzito na nasaba. Kifundo aghalabu huharibiwa na ajali, na yapata visa saba katika kumi vya yabisi yake hutokana na mvunjiko au mteguko wa zamani. Katika viwanja vyetu vya changarawe, kijana akiteguka hukandwa kwa maji moto, hufungwa bandeji, na mechi ifuatayo yumo uwanjani akichechemea. Kano iliyolegea siku ile hukiacha kifundo kikiyumba miaka na miaka, na deni hudaiwa akiwa mtu mzima.

Maradhi mengi chini ya jina moja

Kabla ya kuzipima rai, yafaa isemwe wazi kwamba watu huyaita baridi yabisi maradhi yasiyolingana kwa asili wala kwa tiba. Iko yabisi ya kulika kwa gegedu, ambayo mgonjwa huamka na ukakamavu usiozidi nusu saa, na ndiyo inayohusika zaidi na makala haya. Liko jongo, litokanalo na chembe za asidi ya mkojo kuganda kiungoni, ambalo hukivamia kidole gumba usiku mmoja kikawa chekundu, cha moto, kisichovumilia hata shuka. Iko yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambayo huishika miguu yote miwili na vidole vya mikono, na ukakamavu wake wa asubuhi hupita saa nzima. Na uko uambukizo wa vijidudu ndani ya kiungo, wenye homa na uvimbe wa ghafla, ambao ni dharura ya hospitali ya siku hiyo hiyo. Kumshauri mchezaji juu ya mazoezi pasipo kujua analo lipi katika haya ni kubahatisha, na sehemu kubwa ya mtafaruku tuliousikia hutokana na watu kujadiliana juu ya maradhi tofauti wakidhani wanazungumzia moja.

Rai ya wenye kupumzisha

Rai hii ina nguvu yake mahali pake. Jongo linapowaka, uambukizo unaposhukiwa, au yabisi ya kinga inapopanda, kukimbia ni kuongeza moto, na siku chache za kupumzika ni tiba halali. Hata katika yabisi ya kulika, mgonjwa aliyevimba kifundo baada ya mechi hupata nafuu akikiacha kitulie. Kosa la wenye rai hii ni kuichukua dawa ya siku chache wakaifanya kuwa mwenendo wa maisha.

Mwenye kuacha michezo moja kwa moja hupungukiwa kwanza na misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo inayopunguza kishindo kabla hakijafika kiungoni. Kisha uzito huongezeka, na kila kilo iliyozidi huchukuliwa na kiungo kile kile kilichokusudiwa kunusuriwa. Kisha huja shinikizo la damu na sukari, ambavyo huua, wakati yabisi ya kidole haiui. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwausia watu wazima, pamoja na wenye maradhi sugu, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mtu wa miaka hamsini aliyekuwa akiyapata mazoezi hayo katika kandanda ya mwisho wa wiki, akaiacha bila ya kutia kingine mahali pake, ameyapoteza yote kwa neno moja la nasaha njema. Hasara ya mwisho haiandikwi katika cheti chochote: jamaa wa uwanjani, ambao kwa wanaume wengi ndio baraza lao la pekee, hupotea pamoja na mchezo.

Rai ya wenye kustahimili

Wenye rai hii husimama juu ya hoja ya gegedu kulishwa kwa mwendo, na juu ya ushahidi ambao si wa kupuuzwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba yabisi ya nyonga na goti ilikutwa kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Hesabu hiyo imetajwa na wengi kama fatwa ya kuruhusu kila mbio, na hapo ndipo inapodhulumiwa. Kwanza, ilihusu nyonga na goti, wala haikuhusu kidole gumba wala kifundo. Pili, mtu mwenye viungo vibovu huacha kukimbia mapema, kwa hiyo yumkini baadhi ya wale wakimbiaji walikuwa wazima kwa sababu waliobaki ni wazima. Tatu, hesabu yenyewe inasema kwamba kiasi hufaa na kupita kiasi hudhuru, jambo ambalo mwenye kustahimili hupenda kulisahau.

Hatari kubwa ya rai hii imo mfukoni mwa mchezaji. Kwa kuwa amekwisha amua kwamba maumivu hayana amri juu yake, hununua vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki au dawa nyingine ya jamii hiyo, pasipo cheti cha daktari, akameza kabla ya mechi, akacheza dakika tisini juu ya kiungo ambacho kengele yake imezimwa. Dawa hizo zina manufaa zikitumiwa kwa siku chache na kwa ushauri, lakini zikifanywa desturi hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza mafigo, hasa katika jua kali ambapo mwili umekwisha kaukiwa na maji kwa jasho. Mtu aliyeyapoteza mafigo yake kwa ajili ya kidole gumba amefanya biashara ambayo asingeifanya kama angeelezwa bei yake mwanzoni.

Rai ya wenye kubadili mzigo

Rai ya tatu haiulizi kama mtu acheze au asicheze, bali huuliza ni mwendo upi unaokiumiza kiungo chenye maradhi na ni upi usiokiumiza. Mwenye yabisi ya kidole gumba huumizwa na kupinda kwa kidole, si kwa kishindo peke yake. Kwa hiyo huweza kuendesha baiskeli maili nyingi, ilimradi akanyagie kwa katikati ya wayo badala ya ncha, wala hataweza kupanda ngazi kwa vidole. Mwenye yabisi ya kifundo huumizwa na kishindo na kuyumba, naye hufaidika sana majini: maji yafikapo kiunoni, miguu hubeba yapata nusu ya uzito wa mwili, na yafikapo kifuani hubeba yapata theluthi. Wakazi wa pwani wana hazina hiyo bure mbele ya milango yao. Lakini mchanga mkavu unaodidimia, ambao husifiwa kuwa ni tiba ya miguu, hukilazimisha kidole gumba kupinda zaidi na kifundo kuyumba zaidi, na mgonjwa atafanya vyema akitembea juu ya mchanga ulioshindiliwa na maji kupwa, wakati ardhi ni ngumu na imenyooka.

Kiatu kina sehemu kubwa katika rai hii kuliko wengi wanavyodhani. Kinachohitajiwa kwa yabisi ya kidole ni soli isiyopinda mbele, au soli iliyofanywa tao ili wayo ujibiringishe wenyewe bila ya kidole kukunjwa. Watafiti wa Australia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, walivilinganisha viatu vya soli ya tao na soli za ndani zilizotengenezwa tayari, wakakuta kwamba vyote viwili vilipunguza maumivu kwa kadiri inayokaribiana, na ile ya ndani ilivumiliwa kwa wepesi zaidi. Jaribio la nyumbani ni sahali: mtu akishike kiatu kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, akikunje, kikijikunja nusu kwa nusu kama ndala, hakimfai. Viatu vya mtumba huhitaji hadhari zaidi, kwa kuwa aghalabu soli yake imekwisha fuata wayo wa mtu mwingine, na aliyevizoesha mwendo wake huenda alikuwa akielemea upande ule ule anapoumwa mnunuzi.

Upungufu wa rai hii ni kwamba mzigo ukiondolewa pahali pamoja hauendi hewani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mchezaji wa tenisi wa Hispania, Rafael Nadal, ambaye mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 19, aligunduliwa kuwa na kasoro katika mfupa mmoja wa katikati ya wayo wa kushoto, iitwayo Müller-Weiss, ambayo humomonyoa mfupa huo na kuleta yabisi katika viungo jirani. Kwa soli iliyotengenezwa makusudi ili kuugeuza mkao wa wayo aliweza kurudi uwanjani, lakini mkao huo mpya ulivipelekea viungo vyake vingine, yakiwemo magoti, taabu ambayo haikuwa yao. Alicheza hivyo kwa miaka mingi na kushinda karibu kila taji la mchezo wake. Hakuna awezaye kusema kwamba alikosea kubadili. Linalofaa kusemwa ni kwamba mwenye kubadili hana budi kuviangalia na viungo vingine.

Sindano na kisu

Wanaochoshwa na subira hukimbilia sindano. Ile ya kotikosteroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, nayo haifai kurudiwa rudiwa kwa kuwa huweza kuidhoofisha gegedu. Nyingine zilizosifiwa sana zimeshindwa zilipopimwa kwa insafu: sindano za plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe, zilizojaribiwa Uholanzi kwa watu 100 wenye yabisi ya kifundo na matokeo kuchapishwa mwaka 2021, hazikushinda maji ya chumvi. Bei yake ni kubwa, na nadhani ni wajibu wa mwenye kuiuza kumwambia mnunuzi habari hiyo.

Upasuaji una mahali pake. Kinundu cha kidole gumba huweza kuchongwa na kiungo kikabaki na mwendo, au kiungo kikaunganishwa kikawa mfupa mmoja, mwendo ukaondoka na maumivu yakaondoka pamoja nao. Wengi waliofanyiwa hivyo hurudia matembezi na baiskeli, na baadhi yao hurudia mbio. Shaquille O'Neal, aliyekuwa jitu la mpira wa kikapu la Los Angeles Lakers, alipasuliwa kidole gumba cha mguu wa kulia chenye yabisi mwezi Septemba 2002, akakosa michezo 12 ya mwanzo wa msimu, kisha akarudi. Kwa kifundo, hiari ni kuunganisha mifupa au kutia kiungo cha bandia, na kila moja hupunguza maumivu. Lakini mwenye kiungo cha bandia hushauriwa aepuke mbio na mirukoruko, kwa hiyo anayeuendea upasuaji huo akitumaini kurudi kwenye kandanda huenda akarudi kwa huzuni.

Liko jambo jingine, la kutia ganzi. Nadal alilishinda taji lake la 14 la mashindano ya tenisi ya Roland Garros mwezi Juni 2022 akichomwa sindano za kuufisha mguu usihisi, naye mwenyewe alieleza hivyo hadharani, akaongeza kwamba hakuwa tayari kuendelea kwa njia hiyo. Kisha akaenda kutibiwa mishipa ya fahamu kwa mawimbi ya redio. Kisa hicho kimewapa hoja wachezaji wa mitaani wasiokuwa na daktari pembeni, wala taji mbele yao, na ndicho kisa kilichofasiriwa vibaya kuliko vyote.

Mizani ya hoja

Tukizitia rai hizi katika mizani, ile ya kupumzisha ina haki ya siku na haina haki ya miaka. Ile ya kustahimili ina haki katika asili yake na haina haki katika vidonge vyake. Sindano nyingi zimeahidi zaidi kuliko zilivyotimiza. Na kisu ni cha mwisho, kwa mwenye kujua anachokipata na anachokitoa. Hukumu yangu ni kwamba kwa mwenye yabisi ya kulika, kubadili mzigo ndiyo njia iliyo sahihi kwa walio wengi, kwa sharti moja ambalo pasipo hilo haina maana: maumivu yatumike kuwa kipimo, yasifishwe. Wataalamu wa tiba ya viungo hutumia kanuni nyepesi, nayo yatosha. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yasiyozidi matatu au manne katika kumi, yanaruhusiwa, ikiwa kesho yake asubuhi mguu umerudi ulivyokuwa. Ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, zoezi lile lilizidi na lipunguzwe nusu. Kanuni hiyo haimwambii mtu aache mchezo wake. Humwambia aucheze dakika thelathini badala ya tisini, mara mbili kwa wiki badala ya nne, na siku zilizobaki aende majini au apande baiskeli.

Bali lililo kubwa kuliko yote liko mikononi mwa wengine. Maadamu yabisi ya kifundo aghalabu hutokana na majeraha, nyingi ya taabu hizi zingeweza kuzuiwa na watu wasio matabibu: makocha wa shule, viongozi wa vilabu vya mtaa, na wakuu wa timu za maveterani. Nawasihi wasimrudishe uwanjani mchezaji aliyeteguka mpaka aweze kusimama juu ya mguu ule mmoja bila ya kuyumba na kurukaruka juu yake bila ya maumivu, hata kama ni mfungaji wao bora na mechi ni ya fainali. Na aliyeshindwa kuukanyagia mguu hatua nne baada ya kuumia apelekwe hospitali akapigwe picha siku ile ile, kabla ya kukandwa na mtu yeyote.